Sindano za Barabara ya Buta

Bengamisa iko karibu kilomita 50 kaskazini ya Kisangani, kwenye barabara inayokwenda Banalia na Buta. Ukizungumzia huko habari ya kuwapa mabomba mapya ya sindano watu wanaojidunga dawa za kulevya, ni rahisi kujibiwa kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, au ya Mombasa na Dar es Salaam, na kwamba Kongo ya ndani haihusiki. Jibu hilo limesahau historia. Ni sehemu chache duniani zilizolipa gharama kubwa kama kaskazini ya Kongo kwa sababu ya sindano moja kupita katika miili ya watu wengi, na waliolipa hawakuwa wahuni. Walikuwa wagonjwa waliopanga foleni.

Tuanzie malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu kwa wingi kandokando ya Mto Kongo na matawi yake. Serikali ya Mfalme Leopold, na baadaye ya Ubelgiji, iliukabili kwa sindano: kwanza atoksili, dawa yenye aseniki iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa, kisha tripasamidi kuanzia miaka ya 1920. Katika nchi ya Uele, upande ambako barabara hii inaelekea, wagonjwa walitengwa kwenye lazareti na timu za kupima zikazunguka kijiji hadi kijiji. Watu waliitwa majina, muuguzi akawapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, na aliyekutwa na ugonjwa akaanza dozi ya sindano. Bomba lilikuwa la kioo na sindano ya chuma, na vyote vilitakiwa kuchemshwa kila baada ya mtu mmoja. Lakini wauguzi wenye mabomba machache na watu mamia mbele yao hawakuweza kusubiri maji yachemke kila mara. Buba na kaswende zilitibiwa vivyo hivyo. Daktari Jacques Pépin wa Québec, katika kitabu chake cha 2011 kuhusu asili ya UKIMWI, anatetea hoja kwamba tiba za namna hii katika Afrika ya Kati, pamoja na zahanati ya magonjwa ya zinaa ya Léopoldville, zilivipa virusi nafasi ya kuongezeka kabla ngono haijavieneza kwa kasi. Wapo wanaoona ameipa sindano uzito kupita kiasi, na mjadala unaendelea. Lakini kuhusu homa ya ini aina ya C ushahidi ni mzito: Misri ilipotibu kichocho kwa sindano tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliwaambukiza watu wengi mno ugonjwa mwingine, kwa nia njema kabisa.

Kisha ikaja Yambuku, kijiji cha eneo la Bumba, chini ya Kisangani kwa njia ya mto. Mwaka 1976 hospitali ya misheni ya hapo ilikuwa ikitoa mabomba matano tu kila asubuhi. Hayo matano yalihudumia wagonjwa wa nje, waliolazwa na kliniki ya wajawazito, na kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa tu kwa maji ya uvuguvugu. Ebola ilipoingia, watu 318 waliugua na 280 wakafa. Tume ya uchunguzi iliona kwamba wagonjwa 85 walikuwa wameguswa na ugonjwa kwa njia moja tu, sindano ya hospitali, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepona. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Hakuna aliyesema baada ya hapo kwamba wajawazito wa Yambuku walijitakia. Lililolaumiwa ni bomba, na ndivyo ilivyostahili.

Hapa kuna pingamizi linalohitaji kujibiwa kwa uaminifu. Damu zilizochukuliwa Yambuku mwaka 1976 zilihifadhiwa, zikapimwa VVU miaka mingi baadaye: asilimia 0.8 zilikuwa na virusi. Walipopimwa watu wa eneo hilohilo mwaka 1986, kiwango kilikuwa kilekile, asilimia 0.8. Mtu anaweza kuuliza: kama sindano ni hatari hivyo, mbona VVU havikupanda kwa miaka kumi mahali palipojulikana kwa sindano chafu? Nadhani jibu liko katika mwendo wa sindano yenyewe. Mgonjwa wa hospitali hudungwa mara chache, na bomba likioshwa, hata vibaya, hubakiza damu kidogo. Anayetumia heroini hujidunga mara kadhaa kwa siku, moja kwa moja kwenye mshipa, na wenzake ni walewale kila siku. Yambuku inatufundisha kwamba virusi vinaweza kukaa kimya miaka mingi katika nchi, vikingoja mtandao wa watu utakaovibeba haraka.

Mtandao huo ulijitokeza Dar es Salaam. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mateja, yaani watumiaji wa heroini, wa maskani za jiji walizidi kuacha kuvuta unga huo na kuanza kujidunga. Mwaka 2005 watafiti walieleza jambo linaloumiza kulisoma: mwanamke aliyekwisha kujidunga huvuta damu yake ndani ya bomba na kumpa mwenzake asiye na hela, naye hujidunga damu hiyo kwa imani kwamba unga uliomo utamtuliza arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Anayetoa anamhurumia rafiki yake, kama muuguzi wa Yambuku alivyomhurumia mgonjwa wake. Virusi havichagui kati ya huruma hizo mbili. Ndiyo maana naona si haki kumpa mmoja bomba jipya na mwingine hotuba.

Wapo wanaosema bomba la bure ni ruhusa ya kutumia unga. Viongozi wa dini wa Pwani ya Kenya walitoa pingamizi hilo mwaka 2012, serikali ilipotaka kugawa sindano, na hofu yao ilikuwa ya kweli, kwa kuwa walikuwa wakizika vijana wao. Lakini hoja hiyo imepimwa kwa matokeo. Huko Edinburgh, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1980, polisi na maduka ya dawa walibana upatikanaji wa sindano ili kukomesha heroini. Heroini haikukoma. Watu walikusanyika kuchangia mabomba machache yaliyobaki, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1986 kutoka zahanati moja ya mji ulikuta nusu ya waliojidunga wana virusi, wakati Glasgow, mji wa jirani, kiwango kilikuwa chini sana. Tena huduma hii haiishii kwenye bomba. Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilipofungua kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, Februari 2011, mtu aliyezoea kukimbizwa na askari alipata sababu ya kufika hospitali kila siku, kunywa dawa mbele ya muuguzi, kupimwa, na akiwa na virusi kuanzishiwa ARV.

Kwa chanjo, ulimwengu umekwisha kuamua. Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA zilizitaka nchi zote zichanje kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, na zikaweka mwisho wa 2003 kuwa kikomo. Hakuna mtoto anayeulizwa tabia ya wazazi wake kabla ya kufunguliwa bomba lake. Kumpa anayejidunga kanuni hiyohiyo, pamoja na sanduku la kutupia, kupimwa na njia ya kuacha, si kuanzisha jambo geni kwenye barabara ya Bengamisa. Anayetaka kusubiri hadi Kisangani ipate takwimu za kutisha na aitazame Edinburgh: kamati ya serikali ya huko iliyoongozwa na Dkt. McClelland ilipendekeza watu wapewe sindano safi mwaka 1986, nusu ya waliojidunga wa zahanati ile wakiwa tayari wameambukizwa.