Kura ilipokuwa na rangi

Mwaka 1876, Mmarekani hakupewa karatasi ya kura kituoni, alikwenda nayo. Kila chama kilijichapishia yake, mara nyingi kwa rangi yake, yenye majina ya wagombea wake watupu, na wapambe waliigawa karibu na mlango. Alipoitumbukiza sandukuni, tajiri yake, anayemdai na aliyemhonga asubuhi ile wote waliweza kumwona.

Na bado watu walifurika. Mwaka huo walipiga kura takriban 82 kati ya kila 100 wenye haki hiyo (wanaume peke yao, tusisahau), kiwango ambacho Marekani haijakifikia tena. Anayedai kwamba uhasama wa vyama ndio unaowachosha wapiga kura aitazame vizuri hesabu hiyo: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka 11 tu nyuma. Uchaguzi ulikuwa maandamano, pombe na ngumi. Huko Baltimore, miaka ya 1850, magenge ya chama cha Know-Nothing yaliwachoma wapinzani kwa misharasi, ile ya mafundi viatu.

Dawa ilitoka Australia, iliyoanza mwaka 1856 kupiga kura kwa siri. Serikali ichapishe karatasi moja yenye wagombea wote, nawe ukaijaze faraghani. Mji wa Louisville na jimbo la Massachusetts waliichukua mwaka 1888, na kufikia 1896 majimbo mengi yalikuwa nayo. Hongo ilipungua, nani anunue kura asiyoiona?

Ila karatasi ile ilitaka msomaji. Rangi ilimwongoza hata asiyejua herufi. Orodha ya majina ilimwacha kwenye mataa, na watawala wa Kusini walilijua hilo fika. South Carolina walikuwa wametangulia tangu 1882: kila cheo na sanduku lake, na kura iliyoingia sanduku lisilo lake haikuhesabiwa. Aliyesoma alisoma kibandiko, asiyesoma alibahatisha. Kisha ikaja kodi ya kura, ukaja na mtihani wa kusoma. Louisiana, Weusi walioandikishwa walikuwa 130,334 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

Sheria ya kuwalinda ilipatikana 1965. Mwaka 2020, vyama vikiwa vimenuniana kama zamani, walijitokeza karibu theluthi mbili, wengi zaidi kwa uwiano tangu 1900. Mamilioni walijaza karatasi zao nyumbani, juu ya meza ya chakula, mwenza akichungulia begani.