Virusi vya Garissa: Ugonjwa wa Pili Ndani ya Mlipuko Mmoja

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilifurisha kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, mbu wakazaliana katika maji yaliyotuama, na kufikia Desemba vifo 170 vilivyohusishwa na homa ya kutokwa na damu vilikuwa vimeripotiwa katika Wilaya ya Garissa.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na binadamu ulioelezwa mwaka 1931 na wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete. Vipimo vilithibitisha kuwapo kwake, lakini kati ya wagonjwa 115 waliopimwa, ni 27 tu waliokutwa na maambukizi yake, huku sampuli za wagonjwa wawili, mmoja wa Kenya na mwingine wa Somalia, zikitoa virusi vya aina nyingine. Hadubini ya elektroni ilionyesha tu kwamba ni vya ukoo wa bunya, ambao una aina nyingi.

Jawabu lilitokana na kusoma jenomu, yaani mfuatano wa herufi za kemikali zinazobeba urithi wa kiumbe. Jenomu ya virusi hivi ina vipande vitatu vya RNA: kidogo, cha wastani na kikubwa; aina mbili za virusi zinapoingia katika seli moja, huweza kubadilishana vipande na kuzaa mchanganyiko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kipande kidogo na kikubwa vilitoka kwa virusi vya Bunyamwera, vilivyopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1943, ilhali cha wastani hakikufanana na chochote kilichojulikana, ndipo vikaitwa kwa muda virusi vya Garissa. Mwaka 2004 ulinganisho mpana zaidi ulibaini kwamba ni virusi vya Ngari, vilivyokusanywa kwa mbu nchini Senegal mwaka 1979, na mwaka 2006 kipande cha wastani kikahusishwa na virusi vya Batai, vilivyogunduliwa kwanza Malaysia.

Hivyo virusi vilivyodhaniwa vipya vilikuwa vimekaa maabarani karibu miongo miwili; kilichokuwa kipya ni kujulikana kwamba huweza kumvujisha binadamu damu, na kwamba baada ya mafuriko, kipimo cha homa ya Bonde la Ufa kisipoonyesha maambukizi, uchunguzi haujakamilika.