Santuri na Akiba ya Nyimbo

Kabla umeme haujaenea katika vijiji vya Nyeri na Murang'a, muziki wa nyumbani ulitaka bidii na uangalifu. Gramafoni ilitiwa ufunguo kwa mkono, na kamani yake ikaizungusha santuri mara 78 kwa dakika. Redio za valvu zilimaliza betri upesi. Zile za transista, kifaa kilichobuniwa Marekani mwaka 1947, zilitumia nguvu kidogo. Santuri nazo zilipaswa kusimamishwa wima, mbali na jua, zisije zikapindika.

Nyimbo za Joseph Kamaru wa Murang'a, aliyefariki mwaka 2018, zilitoka kwanza katika santuri. Mjukuu wake amezitoa upya kwa intaneti. Nyimbo hizo zisingalifika huko kama asingalikuwapo mtu wa kuzitunza. Akiba haiozi.