Mkuki, Ngao na Kaburi la Songea

Anayetaka kujua Tanzania inavyowakumbuka wapiganaji wake na aangalie silaha zinazowekwa mnarani. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huja na shada la maua, meya na upinde na mshale, kisha askari mstaafu, kwa niaba ya wenzake, huweka shoka. Mzinga hupigwa, watu husimama kimya, na viongozi wa dini hupokezana dua na sala. Kwa miaka mingi shughuli hii ilifanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Siku hizi imeifuata serikali Dodoma. Mwaka 2014 ilipelekwa Kaboya, mkoani Kagera, kwenye makaburi ya askari waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin.

Bunduki haimo. Jeshi lililoingia Kampala Aprili 1979 kwa vifaru na makombora huwaaga wafu wake kwa silaha za mababu, na si kwa bahati mbaya. Taifa lililopata bendera mwaka 1961 lilihitaji mashujaa wa zamani zaidi ya bendera hiyo, na wengi wao lilikwenda kuwatafuta kusini, katika Vita vya Majimaji.

Vita hivyo vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu na serikali ya Kijerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminika kugeuza risasi ziwe maji, alinyongwa mapema mwezi Agosti, kabla vita havijaenea. Havikufa naye. Wiki chache baadaye vilikuwa vimefika Ungoni, ambako nkosi (mfalme) na manduna (wakuu wa kijeshi) wake walikuwa na jeshi lao, heshima yao, na kumbukumbu ya enzi waliyokuwa wameipoteza juzi tu.

Tarehe 27 Februari 1906, katika mji ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni, Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao. Wengi walibatizwa na mmisionari kabla ya kitanzi. Simulizi ya mji inawahesabu walionyongwa kuwa 67: 66 wakafukiwa katika shimo moja, na nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, akazikwa peke yake hatua chache kutoka hapo. Inasemekana mwili wake haukuzikwa ukiwa kamili. Familia yake na wazee wa Kingoni husema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Njaa ndiyo iliyoua zaidi. Majeshi ya Kijerumani yalichoma maghala na mashamba kwa makusudi, na mvua ziliponyesha hapakuwa na mbegu wala mikono ya kuzipanda. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo kuwa 75,000. Wanahistoria waliofuata wamefika hadi 300,000. Ndiyo maana neno "shujaa" peke yake halitoshi kusini. Kwa kila nduna aliyepanda kitanzini kuna mamia ya watoto na kina mama waliokufa nyumbani bila kushika mkuki, na hakuna silaha ya kuwawekea mnarani.

Dar es Salaam nayo ilikuwa ikikumbuka, ila upande wa pili. Wajerumani waliweka mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa. Ikaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha miaka ya 1960. Mahali ilipokuwa Dar es Salaam, mwaka 1927, pakasimamishwa sanamu ya Askari, na bunduki yake ina singe. Maandishi yake yanawataja hata wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika Vita Kuu ya Kwanza. Yanawataja kwa jumla tu. Hakuna jina hata moja.

Songea majina yapo, na hapo ndipo ilipo tofauti. Kaburi la pamoja limo katika eneo la makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1980, pamoja na sanamu za manduna. Kila mwaka, tarehe 27 Februari, koo za waliouawa hukutana hapo, wazee huongoza mila, na ngoma za Kingoni huchezwa. Wanaofika ni wajukuu na vitukuu wanaojua marehemu gani ni wa nani. Si sikukuu ya mapumziko kitaifa; maduka Dar es Salaam hufunguliwa kama kawaida, na mtoto wa shule Mwanza huenda asijue kabisa. Lakini ukilinganisha na sikukuu nyingi za kitaifa, ambazo kwa wananchi wengi ni siku ya kulala hadi saa nne, hii ina uzito kwa sababu aliyekuja ana kazi ya kufanya.

Kumbukumbu hii haikujiendesha. Desemba 1956 Nyerere aliizungumzia Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa, akiieleza kama chuki ya watu dhidi ya utawala wa kigeni, si uchawi wa maji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee walioishi wakati wa vita, kabla hawajafariki wote. Mwaka 1969 ukatoka mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, na vizazi vya wanafunzi vikavisoma vita hivyo darasani. Bila wazee waliokubali kuhojiwa, nusu ya yale yanayosemwa leo mbele ya kaburi lile yangebaki katika mafaili ya waliowanyonga.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu wa waliouawa na kuomba msamaha. Kuhusu kichwa cha Mbano aliahidi kusaidia kukitafuta, bila kuahidi kwamba kitapatikana. Mafuvu kutoka Afrika Mashariki yaliyoko Berlin ni mengi, na mengi yana maelezo machache. Miezi miwili kabla ya ziara hiyo watafiti walikuwa wametangaza kwamba vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa mafuvu machache, ila ni ya watu wa Kilimanjaro. Wa Songea wanaendelea kusubiri, na kila Februari suala hilo hurudi tena mezani.