Daftari la Bandarini na Vijiti 110

Kila kazi humfunulia mtendaji wake jambo ambalo mpita njia halioni. Mpishi wa karamu hujua mapema kuliko wageni kwamba nyama haitatosha. Fundi cherehani hujua ni nani amekonda tangu Noeli iliyopita. Mlinzi wa usiku hujua ni gari gani huingia kiwandani taa zikiwa zimezimwa. Hakuna aliyewanong'oneza siri hizo. Kazi yenyewe imewafundisha, kidogo kidogo, kwa kurudiwa kila siku. Vijana wapendwa, katika historia ya nchi yetu kuna ukurasa mmoja mzito ulioandikwa kwa ujuzi wa namna hiyo. Tunaomba tuusome pamoja, kwa sababu wengi wetu tunaingia sasa katika maofisi, maghala, mahospitali na migodi, na huko tutajua mambo.

Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalimtambua Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, kuwa mkuu wa Dola Huru ya Kongo. Dola hiyo haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mtu mmoja. Ulimwengu uliambiwa kwamba shabaha yake ni kukomesha biashara ya watumwa, kueneza ustaarabu na kufungua milango ya biashara kwa wote. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1888, John Boyd Dunlop alibuni tairi la kujazwa upepo. Baiskeli zikaenea, kisha magari, na Ulaya yote ikataka mpira. Msitu wetu ulikuwa na mpira tele, katika mimea ya porini inayopanda juu ya miti mikubwa. Dola ikatangaza kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni yake, na mazao ya msitu ni yake pia. Mwanakijiji aliyekuwa akichuma msituni kama babu zake akaonekana sasa kuwa mwizi wa mali ya serikali.

Mizigo yote kati ya Kongo na Ulaya ilisafirishwa na kampuni moja ya meli ya Liverpool, iitwayo Elder Dempster, pamoja na kampuni ndogo iliyokuwa chini yake. Meli zilitoka Anvers, Ubelgiji, zikafika Boma na Matadi, kisha zikarudi. Katika ofisi ya Liverpool alikuwapo karani kijana, Edmund Dene Morel, aliyezaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa, mama Mwingereza. Kwa kuwa alijua Kifaransa vizuri, wakubwa wake walimtuma mara kwa mara Anvers kusimamia shughuli za meli na kuongea na maofisa wa Dola. Hakuwa mpelelezi, wala hakuwa adui wa mfalme. Mwanzoni aliandika hata makala ya kuisifu Dola hiyo. Alikuwa na mke na watoto, mshahara wa kiasi, na matumaini ya kupandishwa cheo.

Kazi yake ilikuwa kusoma orodha za mizigo. Hapo ndipo jambo lilipoanza.

Kwanza, aliona kwamba meli zilizotoka Kongo zilijaa mpira na pembe za ndovu, tena kwa wingi kuliko ule uliotangazwa katika hesabu za Dola mbele ya watu. Basi kulikuwa na faida iliyokuwa ikiingia katika mfuko usiotajwa. Pili, aliona kwamba katika meli zilizokwenda Kongo zilipakiwa mara kwa mara bunduki na risasi kwa wingi, nazo zilielekezwa kwa Dola yenyewe au kwa makampuni yaliyopewa sehemu za msitu. Tatu, na hili ndilo lililomkosesha usingizi, alitafuta bidhaa za kuwalipa wenyeji, asizione ila chache mno.

Tutafakari hapa polepole. Biashara ni nipe nikupe. Mtu akileta sokoni kikapu cha mpira, sharti aondoke na kitu: nguo, chumvi, kisu, au fedha. Sarafu hazikuwa zikitumika kati ya wanakijiji wa msituni. Kwa hiyo malipo, kama yalikuwapo, yalipaswa kuonekana melini kwa umbo la bidhaa. Hazikuonekana. Mpira wa thamani kubwa ulitoka, na badala yake ziliingia bunduki. Karani yule hakuwa amefika Kongo hata siku moja. Hakuwa ameona kijiji kilichochomwa wala mjeledi wa ngozi ya kiboko. Lakini daftari lilimwambia bila kuficha: watu wale hawalipwi. Na kama hawalipwi, kwa nini wanaendelea kuingia msituni majuma mazima, wakiacha mashamba yao? Jibu lilikuwa limo ndani ya masanduku ya risasi.

Leo tunajua vizuri yaliyokuwa yakitendeka upande wa pili wa bahari. Wanawake walikamatwa na kufungwa mpaka waume zao walete kiasi cha mpira kilichoamriwa. Vijiji vilivyokataa vilishambuliwa na askari wa Force Publique au na walinzi wa makampuni. Hata huko palikuwa na hesabu: askari alitakiwa kuthibitisha kwamba hakupoteza risasi bure, na uthibitisho ukawa mkono wa kulia uliokatwa. Hivyo risasi iliyoandikwa katika daftari la Anvers ilihesabiwa tena mara ya pili, katika msitu wa Ikweta, juu ya mwili wa mtu.

Morel alimwendea mkuu wa kampuni, Alfred Jones, ambaye wakati huohuo alikuwa konsuli wa Dola ya Kongo mjini Liverpool. Mkuu huyo hakufurahi. Kampuni ilikuwa ikila mkate kwa mkataba ule. Karani akapewa ahadi za cheo na mapato bora, ili anyamaze. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mara nyingi hatutaki kukitafuta, kwa kuwa nguo yenyewe tumepewa na yule anayetuuma. Mwaka 1900 Morel alianza kuchapisha makala bila kutaja jina lake. Mwaka 1901 aliacha kazi, akiwa na umri wa miaka 28, akawa mwandishi. Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake mwenyewe, na mwaka 1904 akashiriki kuunda chama cha kudai mageuzi ya Kongo.

Yatupasa tuwe waadilifu katika kusimulia. Morel hakuwa wa kwanza kusema. Mwaka 1890 George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyesafiri nchini mwetu, alimwandikia Leopold barua ya wazi akimshtaki kwa ukatili. Wamisionari kadhaa wa Kiprotestanti walipeleka pia habari za kutisha. Lakini walijibiwa kwamba wametia chumvi, au wana wivu, au wameona kosa la ofisa mmoja mbaya. Nguvu ya karani ilikuwa hapa: alitumia hesabu za wenye mali wenyewe. Ofisa mmoja mbaya anaweza kuchoma kijiji. Hawezi kupakia meli kwa miaka mingi. Daftari lilionyesha kwamba ukatili ule haukuwa ajali ya utaratibu, bali ndio uliokuwa utaratibu wenyewe.

Naye hakuwa peke yake. Serikali ya Uingereza ilimtuma konsuli wake, Roger Casement, kupanda mto mwaka 1903 kuchunguza. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1904. Inashangaza kujua kwamba Casement pia, alipokuwa kijana, aliwahi kuwa karani katika kampuni ileile ya meli.

Na hapa Boma alikuwapo mtu ambaye jina lake halitajwi mara nyingi: Hezekiah Andrew Shanu. Alitoka upande wa Nigeria ya leo, akafika Kongo mwaka 1884, akaitumikia Dola kama karani na mfasiri, kisha akafungua biashara zake. Aliheshimiwa na wakubwa. Kwa kuwa aliijua nyumba kutoka ndani, aliweza kumpelekea Morel karatasi za mahakama kuhusu wakala mmoja wa kampuni aliyehukumiwa kwa mauaji ya wanakijiji, ambaye adhabu yake ilipunguzwa katika rufaa kwa sababu wakubwa wake walihusika. Karatasi hizo zilikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi. Lakini siri ya Shanu ikafichuka. Serikali ikawaamuru watumishi wake wasinunue tena kwake. Biashara ikaanguka, marafiki wakajitenga, na mwaka 1905 akajiua. Morel aliyesema akiwa Uingereza alipoteza mshahara. Shanu aliyesema akiwa Boma alipoteza vyote. Tunamkumbuka kwa heshima na kwa huzuni, na tunasema wazi: mtu anayesema kweli asiachwe peke yake.

Leopold, akibanwa, aliunda mwaka 1904 tume ya mahakimu watatu, Mbelgiji, Mwitaliano na Mswisi. Huenda alitumaini kwamba watamsafisha. Mahakimu hao walikwenda wakawasikiliza wanakijiji wenyewe. Mbele yao alikuja chifu Lontulu wa Bolima, mtu aliyepigwa, aliyeshikwa mateka na kufungwa minyororo. Hakuwa na karatasi. Alileta vijiti 110, akaviweka mezani katika mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kijiti kwa kijiti, akataja jina la kila mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira.

Hapo ndipo madaftari mawili yalipokutana. Lile la bandarini lilihesabu tani na masanduku. Lile la Lontulu lilihesabu watu. La kwanza liliwafanya Wazungu waamini. La pili ndilo lililokuwa kweli tangu mwanzo. Tusisahau kamwe mpangilio huo. Watu wetu hawakuhitaji karani wa Liverpool ili wajue kwamba wanaibiwa. Walijua, walipigana, walikimbia, walilia. Kilichokosekana ni masikio.

Na Kanisa letu? Wamisionari wengi Wakatoliki, ambao walikuwa Wabelgiji, walinyamaza kwa muda mrefu, wengine wakaona mashtaka yale kuwa hila za Waprotestanti na Waingereza. Taarifa ya tume, iliyotolewa mwaka 1905, iliwatia wengi aibu. Mwaka 1906 Mjesuiti Arthur Vermeersch, mwalimu wa maadili huko Louvain, alitoa kitabu kuhusu suala la Kongo, akaukosoa waziwazi utaratibu ule. Sauti hiyo ilichelewa, lakini ilikuwa na uzito kwa Wakatoliki wa Ubelgiji, ambao hawakuweza tena kusema kwamba ni maneno ya wageni.

Mwezi wa Novemba mwaka 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme. Miezi michache kabla ya hapo, karatasi za Dola zilichomwa moto huko Bruxelles kwa siku nyingi mfululizo. Mwenye kuchoma madaftari anakiri kwamba madaftari husema. Wala tusidhani kwamba mateso yaliisha siku hiyo: kazi za shuruti ziliendelea katika ukoloni, kwa majina mengine. Vilevile Morel mwenyewe hakuwa malaika. Mwaka 1920 aliandika maneno mabaya ya ubaguzi dhidi ya askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Mtu anaweza kuona vizuri kwa jicho moja na kuwa kipofu kwa jicho la pili. Tunapokea wema alioutenda, hatumfanyi sanamu.

Tujifunze nini basi? Si kila siri ya kazi inafaa kutangazwa. Mwuguzi anayejua ugonjwa wa jirani hana ruhusa kuupeleka sokoni. Mhasibu anayejua deni la familia afunge kinywa. Siri hizo humlinda mtu, na kuzitoa ni kumvua nguo. Lakini ipo siri nyingine, inayomlinda mwizi na kumwacha aliyeibiwa mikononi mwake: mizani iliyochezewa pale madini yanapopimwa, dawa zilizoandikwa kwamba zimegawiwa nazo hazikugawiwa, majina ya wafanyakazi wasiokuwapo katika orodha ya mishahara. Kuitunza siri kama hiyo si uaminifu. Ni kupakia melini.

Tuangalie pia jinsi Morel alivyofanya. Hakukimbilia barabarani siku ya kwanza. Alisoma, akalinganisha mwaka na mwaka, akakagua hesabu za waziwazi dhidi ya zile za ndani, akaenda kwanza kwa mkubwa wake, na aliposema, alisema kwa ushahidi. Uvumi humharibia jina asiye na kosa. Ushahidi humwokoa mnyonge. Na kwa kuwa Shanu alilipa bei kubwa kuliko wote, kikundi chetu kinapaswa kuwa mahali ambapo mwenzetu anaweza kuuleta mzigo wa namna hiyo asiubebe peke yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, wakitukemea sisi tunaouona mwepesi kwa kuwa haupo kichwani petu.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Kazi au masomo yetu yanatuonyesha nini ambacho wengine hawakioni? Tutatofautishaje siri inayomlinda mtu na siri inayomlinda mwovu? Na pale mtu asiye na karatasi anapoweka vijiti vyake mezani, je, tunamwamini, au tunasubiri kwanza daftari la mkubwa?