Suruali pana na msamiati wa faragha

Majuzi kitindamimba wangu alitokeza sebuleni kavaa jinzi pana inayofagia sakafu. "Buda, nipee soo ya mat," akasema. Nikawaka. Mama yangu, aliyekuwa ametutembelea kutoka kijijini, akacheka hadi akakohoa. "We nawe! Suruali yako ya 1978 haikufagia boma lote? Na si uliniita 'mathe' nikakunyima chai?"

Sikuwa na jibu.

Wazazi wengi tunadhani Sheng imezuka jana. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, wanaihusisha na mitaa ya Eastlands, Nairobi, miaka ya 1970. Alamin Mazrui (1995) anarudi nyuma zaidi, hadi miaka ya 1930, kwenye misimu ya wahalifu wa mjini. Vyovyote iwavyo, faragha ni sehemu kubwa ya kisa hiki. Kijana wa Eastlands aliyeishi chumba kimoja na wazazi na ndugu zake hakuwa na mlango wa kufunga. Alifunga kwa maneno. Neno likishajulikana na wazee, kazi yake ya siri imekwisha. Ndiyo maana "mbao", yaani shilingi 20, sasa tunaitamka sisi wenyewe kwenye matatu bila haya (nami nimo).

Nilimpa ile mia. Kisha nikamuuliza maana ya "kuomoka". Akanieleza kwa huruma kwamba ni kutajirika. Jioni nikalitumia mbele ya rafiki zake, kwa madaha.

Sijalisikia tena kinywani mwake.