Kiki moja usiku: moto za Komanda zilitoka wapi



Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, wakati waasi wa ADF waliposhambulia kanisa hapa Komanda na kuua watu zaidi ya 40, wengi waliponea kwa miguu. Wengine waliponea kwa moto. Siku zilizofuata nilisikiliza familia zilizokimbia zikisimulia, na katikati ya mambo mazito kitu kimoja kilirudi kila mara: moto iliwaka, au haikuwaka. Baba mmoja aliniambia alipiga kiki mara moja tu, akaweka watoto wawili mbele, mama yao nyuma na kichanga mgongoni, akaondoka bila kuwasha taa. Jirani yake alipiga kiki mpaka mguu ukachoka. Akaiacha uani, akashika watoto mkono, wakaingia porini. Wote walifika salama, tunashukuru Mungu. Lakini moto ile ya uani hakuikuta tena.

Tangu pale nimekuwa nikikaa na mafundi na kuwauliza: kwa nini mashine hizi zinaweza kutengenezwa nyumbani, chini ya mwembe, kwa funguo nne na bisibisi, na mtu ambaye hakusoma shule yoyote ya mekanika? Jibu linatoka mbali kuliko nilivyofikiri. (Msikilizaji wa Tanzania atusamehe. Sisi huku pikipiki tunaiita moto, na hakuna kinachoungua.)

Tuanze na barabara. Komanda ni njia panda. Ukishika RN27 kwenda kaskazini unafika Bunia, kilometa kama 75. Ukishika RN4 upande wa magharibi unaingia msituni: Mambasa, Epulu, Nia-Nia, mpaka Kisangani. Upande wa kusini ni Luna, Eringeti, Beni. Wazee wanakumbuka kwamba wakati wa Wabelgiji gari dogo lilipita njia hizi. Zaire ilipozeeka, barabara ilizeeka nayo. Madimbwi yalikuwa makubwa kuliko malori, na lori liliweza kukaa katika tope moja wiki nzima huku dereva akipikiwa na wanakijiji. Kilichobaki kutembea ni kinga. Na kinga haikupandwa, ilisukumwa. Mtu alifunga fimbo kwenye usukani, akapakia mafuta ya mawese, chumvi, sabuni na nguo za mitumba, akasukuma siku nyingi msituni. Mafundi wetu wazee walijifunzia hapo. Waliziba shambreri, walinyoosha spoki, walitengeneza bolti kutoka kipande cha chuma. Mkono ulikuwepo kabla ya moto kufika.

Moto zilikuwepo, ila chache na za watu wenye kazi maalum: padri, muuguzi wa chanjo, bwana shamba. Yamaha AG100 ndiyo wengi wanaikumbuka, yenye mlio wa juu na moshi wa bluu, kwa sababu ilichoma oili pamoja na esansi. Ilikuwa na nguvu, lakini vipuri vyake vilikuja kwa njia ya misheni au ya mradi. Mradi ukifungwa, moto ililala nyuma ya nyumba na kuku wakatagia juu ya kiti.

Na skuta je? Vespa ya kwanza ilitoka kwenye kiwanda cha Piaggio, Italia, mwaka wa 1946, nchi ile ikiwa bado kwenye magofu ya vita. Injini yake ilifunikwa bati ili nguo zisichafuke, na magurudumu yake yalikuwa madogo, ya inchi 8. Kwa mji wenye lami ni chombo safi kabisa. Peleka gurudumu la namna hiyo katika tope la barabara ya Luna mwezi wa Oktoba, litazama mpaka kwenye injini. Ndiyo maana skuta haikutushika. Tulihitaji gurudumu kubwa, jembamba, na injini ambayo iko wazi, mtu aione na kuigusa.

Injini hiyo ilitengenezwa kwa ajili yetu, ingawa waliotengeneza hawakujua jina la Komanda. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilikuwa inauza moto nyingi katika nchi maskini, na nyingi zilikuwa zinarudi zimeharibika. Wahandisi wao walikwenda katika nchi za Asia kuangalia. Waliona mambo ambayo kila fundi wa Komanda anayajua: moto inabeba watu watatu na mizigo, oili haibadilishwi, chujio cha hewa hakioshwi, na cheni inalegea mpaka inaanguka. Wangeweza kuandika kitabu cha kulaumu wateja. Badala yake walibadilisha injini. Mwaka wa 1976 wakatoa Honda CG125.

Ngoja nieleze kilichobadilika, maana ndicho kinachofanya moto yako iwake. Katika injini nyingi za Honda za wakati ule, kijiti chenye vinundu kinachofungua supapu kilikaa juu kabisa, kwenye kichwa cha injini, kikizungushwa na cheni ndogo ya ndani. Cheni ile inahitaji kukazwa, na sehemu ile ya juu inahitaji oili safi kila wakati. Oili ikiwa chafu, kichwa kinaliwa. Katika CG125 kinundu kilishushwa chini, karibu na mahali oili inapokaa, na supapu zikasukumwa na fito mbili za chuma zinazopanda juu. Cheni ya ndani ikaondoka. Wajuzi wa moto waliona ni kurudi nyuma, teknolojia ya babu zao. Mimi naona ni heshima. Mtu amekuangalia jinsi unavyoishi, akatengeneza kitu kinachovumilia maisha hayo. Na cheni ya nyuma wakaifunika yote kwa bati, vumbi lisiingie. Sisi tulilitoa bati hilo zamani, kwa sababu lilipiga kelele. Hilo ni kosa letu.

Brazil ilipokea CG mapema. Honda walifungua kiwanda Manaus mwaka huohuo wa 1976, na Pelé mwenyewe ndiye aliyeitangaza. Baadaye viwanda vya China vikachukua mchoro uleule na kuutoa kwa majina mengi, kwa bei ambayo muuza mihogo anaweza kuiota. Senke nyingi tulizonazo hapa ni wajukuu wa CG. Bajaj Boxer na TVS za India ni ukoo mwingine, zina cheni ya ndani, na ndiyo sababu fundi atakuuliza kwanza una moto gani kabla hujamweleza ugonjwa.

Wajukuu hao walifikaje? Kwa milango miwili. Mmoja ni Butembo, ambako wafanyabiashara walileta makontena kutoka China kupitia Mombasa na Kasindi, moto zikiwa vipandevipande kwenye masanduku, zikaunganishwa na vijana kandokando ya barabara. Mwingine ni Uganda moja kwa moja, kupitia Aru na Mahagi, au kwa mitumbwi ya ziwa Albert mpaka Kasenyi na Tchomia. Vita vya Ituri, kuanzia 1999 mpaka 2003, vilivunja biashara kubwa za magari, lakini mtu mmoja juu ya moto aliweza kupita pale lori lisipopita. Kisha mwezi wa Septemba 2004 ukaanza mpango wa kunyang'anya silaha hapa Ituri, na vijana wengi waliotoka porini bila kazi walishika usukani wa moto. Watu waliwaogopa. Mama yangu hakukubali kupanda nyuma ya kijana asiyemjua. Mwaka mmoja baadaye alikuwa na "wake", anamwita kwa jina na anamdai chenji.

Barabara ilipokwanguliwa upya, magari yalirudi, lakini moto hazikuondoka tena. Na pale usalama ulipoharibika upya kusini, msafara wenye ulinzi wa askari ukiwa ndiyo njia ya kupita kati ya Komanda na Luna, na hata msafara nao ukashambuliwa pale Ofai Septemba 2021, moto ikabaki chombo cha kwanza cha kukimbilia.

Sasa nisemee kazi ya uani, maana wengi mmeniomba.

Fundi ninayemtembelea alitoka upande wa Walese Vonkutu. Alipokimbia mara ya pili hakubeba godoro. Alibeba mfuko wenye funguo namba 10, 12, 14 na 17, koleo, na kisanduku cha buji kuukuu. Kwa mfuko huo amelisha watoto watano katika uwanja wa watu. Anasema magonjwa mengi ya kutowaka ni mambo matatu tu.

La kwanza ni supapu. Injini ikiwa baridi lazima kuwe na nafasi ndogo sana kati ya supapu na kinachoisukuma. Kwa CG yenyewe ni sehemu nane za mia moja ya milimeta, nyembamba kama karatasi. Watu wanasikia kelele ya tak-tak-tak juu ya injini, wanakuja wakisema, "Fundi, nyamazisha hii." Fundi mbaya anakaza mpaka kimya. Siku mbili moto inatembea vizuri, kisha asubuhi haiwaki, kwa sababu supapu haifungi vizuri, nguvu inavuja, na mwishowe supapu inaungua. Kelele ndogo iacheni.

La pili ni esansi. Tunanunua kwa wakadafi, kwenye chupa, na chupa imekaa juani au mvuani. Maji yakiingia yanakaa chini ya karbirateri, maana ni mazito kuliko esansi. Kuna kiskurubu kidogo chini ya kikombe cha karbirateri. Kifungue kidogo kila Jumapili, acha yatoke kwenye kizibo cheupe. Ukiona vitone vinavyoteleza kama lulu, hayo ni maji. Wakati huohuo toa buji uitazame: nyeusi yenye masizi, injini inakula esansi nyingi au inakosa hewa, nyeupe kama chokaa, inakosa esansi na inachemka. Ya kahawia ndiyo nzima.

La tatu ni vumbi. Sifongo cha chujio kinaoshwa kwa sabuni, kinakaushwa, kinapakwa oili kidogo. Wanaokitupa ili moto ipige kelele ya kiume wanakula pistoni yao wenyewe, na segma zake. Oili ni kama litre moja tu ndani ya injini yote. Ikiwa nyeusi na nyembamba, hakuna huruma inayobaki.

Betri isikutishe. Nyingi kati ya moto hizi za ukoo wa CG zinapata cheche kutoka kwenye sumaku inayozunguka ndani ya injini. Betri ikifa, honi inakufa, starter inakufa, lakini kiki inawasha.

Shambreri ikitoboka na hakuna gundi, mafundi wetu wanachukua pistoni kuukuu, wanaikaza juu ya kiraka cha mpira mbichi kwa kibano, wanamimina esansi kidogo ndani yake na kuiwasha. Pistoni iliyokwisha kazi kwenye injini inageuka pasi. Sijui nani aliyevumbua jambo hilo, lakini nimeliona Bunia, Mambasa na Beni.

Kuhusu kuongeza na kurekebisha, hapa mimi na vijana hatukubaliani. Portebagaji ya chuma ya kubeba magunia, sawa. Springi ya pili nyuma, sawa. Pinyo kubwa zaidi nyuma, kwa mtu anayepanda milima na mzigo, ni akili: unapoteza mwendo, unapata nguvu. Lakini kukata fremu na kuirefusha ili watu wanne wakae, kisha kuiunga kwa mtu ambaye rodi zake zimeloa, hapana. Nimeona fremu ya namna hiyo ikifunguka mara mbili, na mara ya pili kulikuwa na mjamzito juu yake akipelekwa hospitali. Alijifungua salama, kando ya barabara, akisaidiwa na wamama wa soko.

Siku hizi uani kwa yule fundi kuna wasichana wawili wanaojifunza, watoto wa familia zilizokimbia. Mmoja ana miaka kumi na sita. Wiki iliyopita alifungua karbirateri mbele yangu, akapanga vipande juu ya kitenge kwa mpangilio aliovitoa, akavirudisha. Mwenye moto alisimama karibu, hakuamini. Akapiga kiki. Ilikuwa kiki ya pili. Msichana akasema ya kwanza ilikuwa ya kusukuma esansi.

Jioni, saa kumi na mbili, mtaa huo unafanya kazi moja bila kuambiwa. Kila moto inageuzwa, tairi la mbele likitazama barabara, esansi ikiachwa angalau ya kufika Bunia.

Kama baba yako au babu yako alikuwa na moto hapa Komanda kabla ya 1996, au unayo picha yake, pita redioni au tuma ujumbe. Namtafuta hasa mtu anayekumbuka Senke ya kwanza ilipopita sokoni, na nani aliyekuwa juu yake.